Maswali ya Wasomaji: Madini Yaliyomo Sahanini na Madini Yanayofika Mwilini

Barua zilizofika mezani mwezi huu zimejaa chuma, zinki, madini joto na floraidi, utadhani wasomaji walikubaliana kabla ya kuandika. Nimechagua saba. Karibu kila mwandishi amehesabu kwa uangalifu kilichomo kwenye sahani au kwenye kidonge, lakini wachache mno wameuliza kitu hicho kinakutana na nini kikishafika tumboni, ilhali mara nyingi tatizo lao limejificha hapo.

SWALI: Nina mimba ya miezi sita, ya tatu kwangu. Kliniki walinipima damu wakakuta 9.2, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Ninameza kila asubuhi kwa chai ya maziwa na chapati ili nisichefuke, wala sijakosa hata siku moja, lakini baada ya mwezi nilipopimwa tena damu ilikuwa 9.4. Jirani ananishauri ninywe juisi ya rozela. Tena, naona haya kusema, ninakula udongo ule wa pemba unaouzwa sokoni, vipande viwili vitatu kwa siku. Je, udongo nao si una madini?
Mama mjamzito, Muheza

JIBU: Usione haya, dada yangu. Wajawazito wengi wanakula udongo huo, na kuutaja kwako ndiko kulikoniwezesha kukujibu vizuri. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini chuma, na takriban theluthi mbili ya hayo imo katika himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Mimba nzima hudai karibu gramu 1 ya ziada kwa ajili ya mtoto, kondo la nyuma na damu ya mama inayoongezeka, na mwanamke aliyeshika mimba akiwa na akiba ndogo hawezi kuipata gramu hiyo kwa chakula cha kila siku peke yake. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na asidi ya foliki. Mjamzito aliye chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu, kwa hiyo 9.2 si namba ya kupuuza. Na kwa kuwa tiba ikifanya kazi damu hutarajiwa kupanda kwa karibu gramu nzima ndani ya wiki nne, nukta mbili ulizopata zinaonyesha kwamba kidonge kinamezwa lakini sehemu kubwa ya madini yake inapita tu na kutoka.

Mtuhumiwa wa kwanza ni chai. Tanini, ambayo ndiyo inayoipa chai ukakasi wake, hushikana na chuma tumboni na kufanya kitu ambacho utumbo hauwezi kukifyonza, na chai inayonywewa pamoja na mlo inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingeingia mwilini. Maziwa uliyochanganya yana kalsiamu, nayo hushindana na chuma, na unga wa chapati una faiteti, ambayo ni namna nafaka na kunde zinavyojiwekea akiba ya fosforasi na ambayo hushikilia chuma na zinki kwa nguvu. Kwa maneno mengine, kidonge chako kinakutana na wapinzani watatu kwa wakati mmoja. Kihamishe: kimeze usiku kabla ya kulala, au katikati ya milo, kwa maji na chungwa, limau au pera, kwa kuwa vitamini C hukisaidia chuma kufyonzwa, na pera lina vitamini hiyo kuliko hata chungwa. Chai endelea kuinywa ukipenda, ila iwe mbali na kidonge na mbali na mlo mkuu kwa saa moja au mbili. Kichefuchefu kikizidi, kula kiazi au ndizi kidogo kwanza. Ni afadhali kupoteza chuma kidogo kuliko kutapika chote. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Na vidonge hivyo viweke mahali ambapo watoto wako wawili hawafiki, maana vinafanana na peremende na mtoto akimeza vingi vinaweza kumuua.

Rozela ina rangi ya damu, na nadhani sifa yake imetoka kwenye rangi hiyo kuliko kwenye madini yake, kwa hiyo isichukue nafasi ya kidonge.

Ama udongo, ni kweli una chuma, tena baadhi ya udongo una chuma kingi hadi umekuwa mwekundu, lakini kimefungwa katika hali ambayo utumbo hauifungui. Kinyume chake, chembe za mfinyanzi hunasa chuma cha chakula na cha kidonge na kuondoka nacho, na wakati mwingine huleta mayai ya minyoo na hata risasi, ambayo humdhuru mtoto aliye tumboni. Hamu ya udongo huandamana mara nyingi na upungufu wenyewe wa chuma, kwa hiyo mtu hula udongo kwa sababu damu ni ndogo, na damu ikazidi kuwa ndogo kwa sababu anakula udongo. Wazee wa pwani walikuwa na neno safura kwa ugonjwa unaompausha mtu na kumvimbisha, neno ambalo leo tunalitumia kwa minyoo inayonyonya damu, na sidhani walikosea kuyaweka mambo hayo pamoja. Umwombe mkunga akupe dawa ya minyoo kama hujapewa, kwa kuwa mwezi wa sita unaruhusu, na akupime malaria. Baada ya wiki nne za mpangilio mpya damu ikigoma tena kupanda, waulize kuhusu selimundu na sababu nyingine. Ukianza kuhema ukiwa umekaa au moyo kwenda mbio bila sababu, usisubiri siku ya kliniki.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 9 ameota meno yenye mabaka ya kahawia kama yangu na ya baba yangu. Mdogo wake ana miaka 4. Tunatumia maji ya chemchemi inayotoka upande wa Mlima Meru, na tunayachemsha kila siku. Je, ni urithi wa ukoo? Na mdogo anaweza kunusurika?
Mzazi, Arumeru

JIBU: Mlichorithi, ndugu yangu, ni chemchemi. Miamba ya volkano ya eneo lenu ina floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huichukua. Hali hiyo haiko kwenu tu, bali imeandama Bonde la Ufa kutoka Ethiopia, kupitia Nakuru nchini Kenya, hadi kwenu. Floraidi kidogo huimarisha jino dhidi ya kuoza, na ndiyo sababu imo katika dawa ya meno; lakini Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na baadhi ya vyanzo vya Meru na Arusha huvuka ukomo huo mara kadhaa. Ikizidi wakati tabaka gumu la nje la jino linapojengeka ndani ya ufizi, tabaka hilo hutoka likiwa na vinyweleo, hushika rangi, na katika hali mbaya humeguka. Ikizidi zaidi na kwa miaka mingi, huingia kwenye mifupa, viungo vikakakamaa na miguu ya watoto ikapinda.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa ajili hiyo msiache, lakini hakuondoi floraidi. Maji yanayopaa kwa mvuke huiacha nyuma, kwa hiyo sufuria iliyochemka muda mrefu ina floraidi nyingi zaidi kwa kila kikombe kuliko ilivyokuwa ndooni.

Mdogo wake bado ana nafasi. Meno ya utu uzima, ukiacha magego ya mwisho, hujengeka ndani ya ufizi tangu kuzaliwa hadi kwenye umri wa miaka minane hivi, maana yake ana miaka minne ambayo bado inaweza kuokoa sehemu ya meno yake. Familia nzima ikishindwa kubadili maji, badilini ya kwake: mtoto wa umri huo hahitaji maji mengi kwa kunywa na kwa uji wake, na tangi dogo la mvua lililofunikwa vizuri linaweza kumtosha kwa muda mrefu, kwa sababu maji ya mvua karibu hayana floraidi. Kwa wanaonyonyesha, maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limefanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto huko huko kwenu: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto lililopimwa, ikasagwa, na maji yakipita humo floraidi hushikwa. Mkaa huo hushiba na lazima ubadilishwe, na ukichomwa vibaya maji hunuka. Najua pia kwamba wengine husita kwa sababu hawajui mifupa ni ya mnyama gani, na hilo ni swali la haki ambalo muuzaji anapaswa kulijibu.

Hukutaja magadi, lakini nashuku kwamba yapo jikoni. Magadi yanayolainisha maharage na makande huweza kubeba floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Lowekeni maharage usiku kucha na kumwaga maji hayo asubuhi. Yatalainika bila magadi, na sehemu ya ile faiteti niliyoitaja kwa dada wa Muheza itaondoka na maji.

Mabaka ya mkubwa hayatoki kwa mswaki wala kwa jivu. Daktari wa meno anaweza kuyafunika kwa nyenzo ya rangi ya jino, na ninawaomba jamaa wasimsugue mtoto meno kwa mchanga, kama ninavyosikia wengine wakifanya.

SWALI: Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu hali vizuri. Duka la dawa wananiuzia dawa ya maji ya kuongeza damu bila kipimo. Nimpe? Nadhani haiwezi kumdhuru.
Mama, Mtwara

JIBU: Pemba inajitokeza tena katika ukurasa huu, safari hii si udongo bali kisiwa chenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, zaidi ya watoto 24,000 wa Pemba waliokuwa na umri wa chini ya miaka mitatu waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine wasipewe. Sehemu ya chuma ilibidi isimamishwe kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa walilazwa hospitali au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Kisiwa kilikuwa na malaria kali wakati huo, na kijidudu cha malaria, kama vijidudu vingine vingi, hustawi kwa chuma. Sehemu ya pili ya matokeo husahaulika mara nyingi: katika kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika.

Kwa hiyo, mama, mpeleke akapimwe damu na malaria kwanza. Akionekana kuwa na upungufu, mpe dozi aliyoandikiwa mpaka iishe, alale ndani ya chandarua chenye dawa, na homa ikianza apimwe siku hiyo hiyo. Asipokuwa na upungufu, iache chupa dukani. Kutokula vizuri kwa umri huo kuna sababu nyingi, kuanzia minyoo hadi kunyonya mfululizo usiku kucha, na maini au dagaa waliosagwa ndani ya uji watamfaa kuliko chupa isiyo na kipimo.

SWALI: Bibi yangu alizaliwa kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, na ana rovu kubwa tangu ujana wake. Sasa anaishi nasi mjini. Je, tukimzidishia chumvi yenye madini joto litasinyaa?
Mjukuu, Bukavu

JIBU: Mpe bibi shikamoo yangu, wala msimzidishie. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, kiasi ambacho kikikusanywa kwa miaka 70 hakifiki gramu 4, lakini kikikosekana tezi ya shingo hushindwa kutengeneza homoni zake, ikavimba katika kujaribu kunasa kila chembe inayopita. Bahari ina madini hayo na milima haina, kwa kuwa mvua za karne na karne zimeyaosha kutoka kwenye udongo. Idjwi ilipata umaarufu wa huzuni miongoni mwa wataalamu wa miaka ya 1960 na 1970 kwa sababu rovu lilijaa zaidi upande wa kaskazini wa kisiwa kuliko kusini magharibi, ingawa madini joto yalikuwa haba kote. Uchunguzi ulielekea kwenye muhogo: usipolowekwa na kuchachushwa vya kutosha, sumu yake ikishavunjwa mwilini huacha thayosayaneti, ambayo hulizuia tezi lisichukue madini joto. Mnaokula muhogo mjini mkazanie kuuloweka kwa siku zote zinazohitajika bila kufupisha.

Rovu la miaka mingi limeshajenga vinundu ndani yake, na chumvi hailirudishi. Jambo la hatari ni kwamba vinundu hivyo vikipata madini joto mengi kwa ghafla vinaweza kuanza kumwaga homoni kupita kiasi. Chumvi yenye madini joto ilipoenea Zimbabwe na huko huko Kivu miaka ya 1990, waliodhurika kwa njia hiyo walikuwa hasa watu wazima wenye marovu ya zamani. Chumvi ya kawaida ya nyumbani inamtosha. Akianza kukonda huku akila, mikono ikitetemeka na moyo kwenda mbio, au akikabwa wakati wa kumeza, apelekwe hospitali. Mwangalieni zaidi mjamzito wa nyumba hiyo, kwa sababu mtoto anayekosa madini joto tumboni anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa au uziwi usiotibika baadaye. Chumvi iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi wa jiko, na itiwe mwishoni mwa mapishi.

SWALI: Kuharisha kwa mtoto kumekoma siku ya tatu. Kwa nini niendelee na vidonge vya zinki hadi siku ya kumi?
Baba, Kisumu

JIBU: Kwa sababu mwili hauna ghala la zinki kama ulivyo na akiba ya chuma kwenye ini, na kila choo cha majimaji kimeondoka na sehemu yake. Zinki ndiyo inayotengeneza upya ngozi ya ndani ya utumbo, na dozi kamili ya siku 10 hadi 14 hupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi sita, pamoja na maji ya chumvichumvi yaliyochanganywa kama pakiti inavyosema. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hadi mwaka 1961 hakuna aliyejua kwa hakika kama binadamu huugua kwa kukosa zinki. Fununu ilitoka karibu na Shiraz nchini Iran, kwa vijana waliodumaa hadi kufanana na watoto, ambao chakula chao kikuu kilikuwa mkate usiochachushwa na ambao, kama dada yetu wa Muheza, walikuwa wakila udongo. Uji wa chachu na togwa wa bibi zetu hupoteza faiteti nyingi katika kuchacha, kwa hiyo mtoto akipona usiudharau.

SWALI: Maziwa hayanipatani. Dagaa wanatosha kwa mifupa?
Msomaji, Musoma

JIBU: Wanasaidia sana, mradi uwale wazima pamoja na mifupa yao, maana kalsiamu iko huko. Mtu mzima huhitaji karibu miligramu 1,000 kwa siku, na kikombe cha maziwa kina kama 300. Jaribu pia mtindi. Wengi wanaosumbuliwa na maziwa mabichi huuvumilia. Mchicha usiutegemee kwa hili: una kalsiamu, lakini una oksaleti inayoishikilia.

SWALI: Nilitoka jiwe la figo mwaka jana, sasa linarudi. Ninafanya kazi ya ujenzi. Rafiki zangu wameniambia niache maziwa kwa sababu jiwe ni kalsiamu. Nimeacha kabisa.
Msomaji, Maskati

JIBU: Rudisha maziwa, ndugu yangu. Ushauri waliokupa ulitolewa hata na madaktari kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1993 ulipochapishwa uchunguzi wa wanaume zaidi ya 45,000 wa Marekani, ambao ulionyesha kuwa waliokula kalsiamu nyingi kwenye chakula walipata mawe kidogo kuliko waliokula kidogo. Mwaka 2002 utafiti wa Italia uliwafuata kwa miaka mitano wanaume waliokuwa wakitoa mawe mara kwa mara: waliopewa kalsiamu ya kawaida, huku wakipunguziwa chumvi na nyama, walirudiwa na jiwe kwa kiwango cha nusu hivi ya wale walionyimwa kalsiamu. Sababu iko tumboni tena. Mawe mengi ni ya kalsiamu na oksaleti. Kalsiamu ikikutana na oksaleti utumboni hufungana nayo na vyote viwili hutoka kwa choo, bali ikikosekana, oksaleti huingia kwenye damu ikiwa huru na kukutana na kalsiamu ndani ya figo. Kwa hiyo maziwa au mtindi uvile pamoja na mlo, si usiku peke yake, na hasa siku ya spinachi au karanga. Chumvi ipunguze, kwa sababu sodiamu inapotoka kwenye mkojo huburuta kalsiamu pamoja nayo. Vidonge vya kalsiamu ni habari nyingine. Usivianze bila daktari.

Lakini katika joto la Maskati, juu ya jengo, adui yako mkubwa ni jasho. Kiasi cha kulenga ni mkojo wa lita mbili na nusu kwa siku, na kwa mtu anayetoka jasho siku nzima hilo linadai maji mengi zaidi ya hayo, yakiwemo ya kabla ya kulala. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Mawe ya asidi ya yuriki na mengine yana masharti tofauti na haya, kwa hiyo jiwe hili likitoka usilitupe. Lichuje kwa kitambaa, lifunge kwenye karatasi, ulipeleke maabara pamoja na kipimo cha mkojo wa saa 24.